Soksi ya Profesa Katika Gesti ya Jasvanti

Ifahamike kwa wananchi wote, wa Bara na Visiwani, wenye simu janja na wenye viswaswadu, kwamba makao makuu ya mapinduzi ya utalii wa kidijitali katika nchi hii yamegunduliwa. Yako Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi. Kwa sasa mapinduzi yenyewe yamesimama. Kiongozi wake anatafuta chaja.

"Ilikuwa hapa hapa juu ya friji," anasema Bi Tatu Sadalla, huku akiinua kitambaa, halafu sufuria, halafu paka. "Mgeni wa namba tatu ameichukua. Yule wa Ufaransa. Kila kitu anadhani ni cha umma."

Ni saa moja kasoro asubuhi. Chini mtaani mikokoteni inapita na marobota kuelekea Kariakoo, na wasukumaji wanapiga mluzi ili watu wapishe. Huku juu, katika Gesti ya Jasvanti, kunanukia iliki na sabuni ya kufulia. Kwenye mkeka wa mlangoni kuna viatu vya watu wa mataifa manne, vyote vimepangwa pua zikitazama nje. Hapa hakuna anayeingia na viatu. Mwandishi wa makala haya, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni aliyetumwa na ukurasa wa vijana wa gazeti hili wakati wa likizo, alivua vyake bila ubishi na kutoa shikamoo.

"Marahaba," alijibu Bi Tatu, akamkagua kuanzia chini hadi juu, kama anavyowakagua wageni wote. "Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Chai unakunywa?"

Chaja inapatikana ndani ya kapu la vitunguu. Bi Tatu, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, na kuanza kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Anawajibu wageni waliokwisha kuondoka.

Aliajiriwa mwaka 1993 kufua mashuka. Wakati huo milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na Kariakoo ilikuwa ikivuta watu kama siafu. Wafanyabiashara walishuka kutoka Songea, Tabora na Sumbawanga wakiwa na fedha zimeshonewa ndani ya nguo, wananunua vitenge, ndoo na redio, wanalala usiku mmoja au miwili, wanaondoka. Mzee Devendra, mwenye duka la vitambaa la chini, aliona watu hao wakilala juu ya mizigo yao barazani, akageuza ghorofa ya juu kuwa vyumba tisa vya kulala. Gesti akaipa jina la mkewe. Jasvanti ndiye aliyemwajiri Bi Tatu, na ndiye aliyemfundisha kupika chai ile ya viungo ambayo wageni huisifia hata wanapolaani kila kitu kingine.

"Vyumba vilikuwa vinajaa mpaka watu wanalala ukumbini," anasema Bi Tatu. "Mimi nilikuwa najua nani ana kisukari, nani anakoroma, nani amegombana na mkewe. Halafu zikaja simu."

Simu ziliua gesti taratibu, na kwa adabu. Mfanyabiashara wa Songea alianza kuagiza kwa picha. Analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, yeye yuko kwake anakunywa uji. Kufikia mwaka juzi, vyumba vilivyopata watu havikuzidi viwili kwa siku, kwa shilingi elfu ishirini na tano kila kimoja. Mshahara wa Bi Tatu, laki mbili na ishirini kwa mwezi, ulianza kuja kwa mafungu.

"Nikasema, simu ndiyo iliyowachukua wateja," anasema. "Basi na iwarudishe."

Aliyemsaidia ni Khushi, mjukuu wa Mzee Devendra, msichana wa chuo anayeishi na babu yake Upanga. Khushi alipiga picha vyumba, akaiweka gesti kwenye ramani ya mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuiona, kuipigia simu, na kuipa nyota kuanzia moja hadi tano pamoja na maoni yake. Akaweka pia kitu cha kutafsiri, ili Bi Tatu aandike Kiswahili na mgeni asome lugha yake. Wageni wakaanza kuja, vijana wa mabegi ya mgongoni wanaosubiri boti ya Zanzibar. Wakalala, wakaondoka, wakaandika. Hapo ndipo Bi Tatu na Khushi walipogombana kwa mara ya kwanza.

Mgeni mmoja kutoka Polandi, Bwana Marek, alikuwa ameandika kwamba kitanda ni kigumu, maji ya moto hayapo, na adhana inaanza kabla ya jua. Nyota mbili. Khushi alimwelekeza Bi Tatu ajibu kifupi, kama wanavyofanya wenye hoteli kubwa: asante kwa maoni yako, tutayafanyia kazi.

"Mtu anakulalamikia, wewe unamwambia asante?" Bi Tatu anasimulia, na bado anaonekana kuumia. "Hujamuuliza hata ameamkaje? Hata kama amefika salama? Nikamwambia, Khushi, sisi hatukulelewa hivyo, na wewe bibi yako hakukulea hivyo."

Akamjibu Marek kwa namna yake. Jibu hilo bado lipo, na dunia nzima inaweza kulisoma. Linaanza kwa kuuliza hali ya hewa ya Polandi. Linauliza kama ndege ilitua vizuri. Linamkumbusha Marek kwamba alipokuwa hapa alisema mama yake anasumbuliwa na goti, na linataka kujua goti linaendeleaje, na kama amejaribu kulikanda kwa maji ya chumvi. Ndipo, katika aya ya nne, linafika kwenye kitanda: pole sana, godoro litageuzwa. Kuhusu adhana, jibu linasema jambo hilo haliko ndani ya uwezo wa uongozi wa gesti.

Khushi alijifunika uso kwa mikono. Baada ya wiki moja Marek aliandika tena. Goti lilikuwa limepata nafuu kidogo. Baada ya miezi mitatu alirudi Dar es Salaam akiwa na mama yake, bibi mnene mwenye mashavu mekundu, ambaye aliomba chumba kile kile na kukisifu kitanda kwa ugumu wake. Nyota mbili zikageuka tano. Tangu hapo Khushi haingilii tena. Kazi yake ni kukagua tafsiri isije ikatukana mtu.

"Wageni wengine wanakuja kwa sababu ya majibu," anasema Khushi kwa simu kutoka Upanga. "Wanasoma, wanacheka, halafu wanauliza, huyu mama yupo kweli? Mimi nimesomea mambo ya masoko mwaka wa pili sasa, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia tuulize magoti."

Vyumba sita kati ya tisa vina watu asubuhi hii. Mtu angedhani makala yanaweza kuishia hapo, wote wakapiga makofi. Lakini kwenye ukuta wa ukumbi kuna mistari ya chaki. Inaanzia mlango wa namba moja hadi dirishani, imenyooka, na kila baada ya hatua chache imeandikwa vipimo. Ni ramani ya shelfu.

Aliyeichora ni Bwana Ignasi, mfanyabiashara wa viatu ambaye ana maduka matatu Kariakoo na hana mahali pa kuweka maboksi. Anataka ghorofa yote iwe stoo. Anatoa kodi karibu mara mbili ya kile ambacho vyumba vinaingiza, na ya mwaka mzima mkononi. Maghorofa mengi ya mtaa huu yamekwisha kwenda kwa njia hiyo. Ukitazama madirisha ya jirani unaona maboksi yanakutazama. Stoo haihitaji chai ya viungo. Inahitaji kufuli.

Mzee Devendra alipanda ngazi saa mbili, akipumzika kila kituo, akavua viatu kama mtu mwingine yeyote.

"Mimi mtandao sijui," alisema baada ya kupata pumzi. "Lakini jina la mke wangu liko mlangoni. Sifurahii kulijaza raba. Sasa Khushi ananiambia wageni wa nje wakitafuta mahali, wanachagua kuanzia nyota nne. Chini ya nne hawakuoni kabisa, kama vile umefunga. Vizuri. Nikasema, ikifika nne, nitamwambia Ignasi atafute kwingine. Ijumaa anakuja kuchukua jibu."

"Na sasa ni ngapi?" aliuliza mwandishi.

"Tatu pointi tisa."

"Hiyo si ni karibu sawa na nne, mzee?"

"Shuleni nilifeli hesabu kwa alama moja, kijana, na baba yangu hakunipiga kidogo kwa sababu ilikuwa karibu. Tatu pointi tisa si nne." Akamgeukia Bi Tatu, na sauti yake ikashuka. "Ungekuwa uamuzi wa moyo, Tatu, wewe unajua."

"Najua, mzee. Kunywa chai."

Mzee alikunywa, akashuka kufungua duka. Bi Tatu aliitazama mistari ya chaki kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajaalikwa lakini amekwisha kukaa.

"Tulikuwa na nne," alisema. "Mwezi wa pili tulikuwa na nne kamili. Aliyetutoa ni mtu mmoja. Profesa."

Akampa mwandishi simu. "Macho yangu yamechoka. Nisomee. Kwa sauti."

Mwandishi alisoma kwa sauti, bila kucheka, jambo ambalo halikuwa rahisi. Maoni hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na mtu anayejiita Profesa Aksel Bonde wa Denmaki:

"Mimi ni mtalii mashuhuri. Nimelala katika majumba ya wafalme na sijawahi kudharauliwa hivi. Niliagiza kifungua kinywa cha nyangumi, nikaletewa chapati. Feni la chumba namba sita linahutubia usiku kucha bila kufikia hitimisho. Zaidi ya yote, soksi yangu moja, niliyofumiwa na marehemu bibi yangu akiwa kitandani, imetoweka katika mazingira ya kutatanisha. Nyota moja, nayo ni kwa ajili ya paka."

"Endelea," alisema Bi Tatu. "Soma na nilivyomjibu."

Jibu lilikuwa refu kuliko lalamiko. "Profesa Aksel, habari za Denmaki? Poleni na baridi. Kwanza nakupa pole kwa kufiwa na bibi. Na mimi nililelewa na bibi, najua pengo lake halizibiki. Nimemwombea baada ya sala ya alfajiri, ingawa sijui dini yenu, naamini haitamdhuru. Hongera kwa Kiswahili, ni kizuri sana. Feni limetiwa grisi. Nyangumi nimeulizia soko la samaki la Feri, hawana, labda upande wenu. Siku ukija tena kuna jodari. Soksi yako nimeiona chini ya kitanda, nimeifua, imekauka, iko salama. Nipe anuani niitume, au njoo uichukue. Chapati itakuwa ya bure."

Sauti ya mwandishi ilikuwa imeanza kukwama mahali fulani karibu na sala ya alfajiri. Alisingizia chai ya moto.

"Ulikwenda Feri kweli, Bi Tatu? Kuuliza nyangumi?"

"Nilikwenda. Nilitaka siku akirudi nisiaibike. Nikamuuliza Abdulhamid, anayeniuzia samaki. Akaniangalia, akasema, 'Bi Tatu, huyo mgeni wako anakula peke yake au na kikosi?' Wakaangua kicheko mnada mzima. Mpaka leo nikipita wanaita: nyangumi wako amefika!"

Soksi yenyewe ipo. Inaning'inia nyuma ya meza ya mapokezi, kwenye ubao wa funguo, katika msumari wa namba sita, imebanwa kwa kibanio cha nguo. Ni ya kijivu na ina mstari mweupe. Khushi aliipiga picha na kuiweka chini ya jibu, na kuanzia hapo imekuwa na maisha yake. Wageni wanauliza habari zake kabla ya kuuliza bei ya chumba. Wanapiga nayo picha. Wasichana wawili kutoka Denmaki walikuja mahsusi kuiona, wakaichunguza, wakasema kwao hakuna mtu anayeshona namba kwenye soksi.

Kwa maana soksi ina namba. Kwenye ukingo, kwa uzi mwekundu, imeshonwa 214.

"Niliwaambia, maprofesa wana mambo yao," alisema Bi Tatu. Aliinuka, akaenda kwenye ubao, akaifungua soksi kutoka kwenye kibanio. Akarudi nayo polepole, akaikunjua vizuri, akaiweka juu ya goti la mwandishi.

"Habari za Denmaki, Profesa?"

Hapa mwandishi wa makala haya anawajibika kueleza jambo ambalo hakulieleza mwanzo, akidhani halina umuhimu kwa taifa. Katika shule za bweni kila nguo hushonwa namba ya mwanafunzi, ili ikitoka kwenye kamba ijulikane ya nani. Matroni haachi hata leso. Na ukivua viatu mlangoni kwa watu, unabaki na soksi.

"Nilikuona tangu unavua viatu," alisema Bi Tatu. "Mia mbili na kumi na nne, kulia na kushoto. Nikasema, ngoja kwanza nisikie atakavyoisoma."

Mwandishi aliificha miguu chini ya kiti.

"Mwezi wa kwanza alikuja baba mmoja na kijana wake, anampeleka shule," aliendelea Bi Tatu, bila kupandisha sauti. "Wakalala namba sita. Kijana alikula chapati tano. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Chapati zilikuwa mbaya?"

"Hapana, Bi Tatu. Zilikuwa nzuri sana."

"Na bibi yako amekufa kweli?"

"Hapana. Yuko Songea."

"Anajua kwamba amekufa?"

"Hajui."

"Nimemwombea mtu mzima wa afya zake kama marehemu." Hilo ndilo lililoonekana kumuuma kuliko nyota. Alimsogezea simu. "Mpigie."

Bibi Euphrasia alipokea akiwa shambani. Alitaka kujua kama kuna msiba. Alipoelezwa kwamba hakuna msiba, ila wake mwenyewe, aliomba apewe huyo mama wa Mchafukoge. Wanawake hao wawili walizungumza muda mrefu. Mwandishi alisikia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa na "mtukutu" mara nyingi, na mwishoni ulikuwa na habari za magoti.

Mwandishi aliomba kuyafuta maoni yote pale pale. Bi Tatu alimshika mkono.

"Nyota badilisha. Maneno yaache."

"Lakini ni uongo mtupu."

"Utaongeza chini yake ukweli, kwa jina lako. Watu wanapanda ngazi hizi kwa ajili ya soksi, mwanangu. Wewe unafikiri nitaifukuza biashara iliyokuja yenyewe?"

Na hapo ndipo alipotoa mpango wake, ambao inaelekea amekaa nao muda mrefu akisubiri tu mtu wa kumwandikia. Anataka kuwachukua wageni kwa miguu asubuhi kutoka Mchafukoge hadi Feri, wakaone samaki wakinadiwa, wanywe supu ya pweza, wakaangiwe jodari na wakaangaji anaowafahamu kwa majina, warudi kabla jua halijakuwa kali. Shilingi elfu kumi na tano kwa mtu, chai ndani yake. Abdulhamid amekubali kuwapokea. Jina pia analo: Matembezi ya Kumtafuta Nyangumi.

"Hawatampata," alisema. "Lakini watamuulizia, na kule watachekwa, na mtu akichekwa vizuri hasahau mahali."

Mwandishi alibadilisha nyota moja kuwa tano, akaandika ukweli chini yake, na kutazama ukurasa. Ulisema tatu nukta tisa. Akaufungua upya. Tatu nukta tisa. Bi Tatu alikwenda kugeuza chapati. Mfaransa wa namba tatu akaja kuuliza kama kuna mtu ameona chaja yake, akajibiwa kwamba hana chaja. Mwandishi akaufungua tena na tena, na hajawahi kusubiri matokeo ya mtihani wowote namna ile.

Ujumbe wa Khushi ndio uliotangulia. "Nne! Bi Tatu, NNE! Nimemwambia babu." Na kabla Bi Tatu hajamaliza kusomewa, sauti ya Mzee Devendra ilipanda kutoka dukani, ikipitia ngazi zote bila kupumzika kituo hata kimoja:

"Tatu! Lete maji na kitambaa, futa chaki ya Ignasi!"

Bi Tatu hakuleta. Alimkabidhi mwandishi ndoo.

Kwa hiyo makala haya yanamalizikia ukutani. Mistari ni mirefu kuliko inavyoonekana, na chaki ya mfanyabiashara ni ngumu kutoka. Nimefuta vipimo vya shelfu kuanzia dirishani hadi mlango wa namba moja, bila viatu, na soksi zangu zimelowa zote mbili. Ile ya tatu imerudi kwenye msumari wake. Nimeambiwa ni mali ya gesti. Jumamosi ninaongoza matembezi ya kwanza ya kumtafuta nyangumi, bila kulipwa, na Jumamosi zote za likizo zilizobaki.

Nakiri mbele ya wasomaji wote, wa Bara na Visiwani: sijawahi kufika Denmaki. Benjamini, mwenzangu wa bwenini, ndiye aliyeshauri nyangumi, lakini aliyeandika ni mimi, katika chumba cha kompyuta, wakati wa masomo ya jioni. Feni la namba sita halihutubii tena. Na bibi yangu yu hai, anawasalimu, na hajui kufuma.